Galaxea na jirani zake ndani ya tangi moja

Swali: Ninaishi Leicester, Uingereza, na nina tangi la maji ya bahari lenye lita 240 na urefu wa sentimita 120. Dukani nilishauriwa nianze na matumbawe sugu, yasiyokufa kwa urahisi, nami nikanunua Galaxea, tumbawe la nyundo, uyoga wa bahari wa aina ya Rhodactis, polipu nyota za kijani na vipande viwili vya Palythoa, wale jamaa wa matumbawe wasio na mfupa. Vipimo vya maji ni vizuri na samaki wana afya, lakini nyundo limeanza kupoteza nyama upande mmoja na mfupa mweupe unaonekana. Je, ni maradhi? Nitoe lipi na nibakize lipi? Galaxea nalipenda kuliko yote kwa kuwa nimelizoea tangu utotoni Tanga, na nilikuwa nafikiria nikienda likizo nirudi na kipande kingine.

Jibu: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyolieleza jeraha lenyewe, sidhani kwamba nyundo lako linaumwa. Linachomwa na jirani yake, na jirani huyo karibu kwa hakika ni Galaxea unalolipenda. Tumbawe linaloathiriwa na maji mabaya au na mwanga uliozidi hudhoofika mwili mzima: rangi hupauka kote, minyiri hujikunyata kote, na nyama hunywea pande zote kwa pamoja. Tumbawe linaloshambuliwa huumia upande mmoja, ule unaomwelekea adui, huku upande wa pili ukiendelea kufunguka na kula kama kawaida. Ugonjwa unaoweza kukuchanganya ni ule wa ute wa kahawia, ambao huiyeyusha nyama ikawa rojo yenye harufu mbaya na kuhama kutoka tawi hadi tawi kwa muda wa siku chache tu. Wewe hukutaja ute wala harufu, lakini chunguza kila siku, kwa sababu jeraha la kuchomwa ndilo mlango ambao ugonjwa huo huupitia mara nyingi.

Thibitisha kwa macho yako kabla ya kuhamisha chochote. Taa za tangi zikishazimwa, subiri muda wa saa mbili au zaidi, kisha mulika kwa tochi uliyoifunika plastiki nyekundu, maana mwanga mweupe wa ghafla huyafanya matumbawe yajikunje. Mchana Galaxea huonekana la amani kabisa: kila polipu, yaani kila kijinyama chenye mdomo na minyiri yake, imekaa katika kikombe chake kidogo cha mfupa chenye kingo zilizochongoka, na minyiri yake mifupi ina vincha vyeupe. Usiku tazama ukingo wa koloni, yaani wa kundi zima la polipu zilizoungana. Utaona nyuzi chache nyembamba, karibu hazina rangi, ndefu mara kadhaa kuliko minyiri ya kawaida, kila moja ikiwa na kifundo cheupe nchani, zikipepea kufuata mkondo wa pampu. Hizo ni minyiri ya kufagia. Ncha zake zimejaa chembe za sumu za jamii ileile inayomchoma mvuvi aliyeguswa na yavuyavu, na katika Galaxea zinaweza kufikia sentimita 30. Nyuzi hizo zikilifikia nyundo usiku baada ya usiku, nyama ya upande ule hufa kidogo kidogo, nawe asubuhi unakuta mfupa umeongezeka bila kujua kilichofanyika.

Dukani hawakukudanganya waliposema kwamba matumbawe hayo ni sugu. Walichokiacha ni nusu ya pili ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu katika tangi la ukubwa wako. Tumbawe ni mnyama aliyejifunga mahali pamoja maisha yake yote. Hawezi kumkimbia anayemfunika, wala hawezi kulifuata jua, na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa mwani wadogo mno wanaoishi ndani ya nyama yake na ambao bila mwanga hawawezi kuzalisha kitu. Kwake yeye nafasi ndiyo riziki. Matumbawe yanayokua kwa kasi, kama Acropora, huipata riziki hiyo kwa kumpanda jirani na kumtia kivulini, ilhali yanayokua taratibu hayana njia hiyo na hujitetea kwa sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Judith Lang, akifanya kazi kwenye miamba ya Jamaika, alionyesha kwamba baadhi ya matumbawe yakigusana na jirani hutoa nyuzi za tumboni mwao nje ya mwili na kumeng'enya nyama ya huyo jirani palepale alipo, na kwamba katika mapigano hayo yako yanayoshinda karibu wakati wote na yako yanayoshindwa karibu wakati wote. Kwa hiyo linaloweza kustahimili mwanga hafifu, tope na makosa ya mfugaji anayeanza, mara nyingi ndilo hilohilo lenye silaha kali zaidi, kwa sababu mambo yote hayo yanatokana na namna moja ya kuishi: kukaa mahali pagumu kwa miaka mingi na kutomwachia mtu nafasi. Ukiwa unayafahamu haya, hutashangaa kwamba Galaxea uliyezoea kumwona Tanga hustawi pia kwenye miamba iliyo karibu na nchi, ambako maji huwa na tope na matumbawe mengi yasiyo sugu hayadumu.

Sasa nije kwenye umbali, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kuelewa hayo yote. Nafasi kati ya matumbawe haipimwi kutoka mfupa hadi mfupa. Hupimwa kutoka mwisho wa nyama iliyofunguka kabisa hadi mwisho wa nyama ya jirani iliyofunguka kabisa, na kwa Galaxea huongezwa urefu wa minyiri ya kufagia. Nyundo hutanuka mno mchana. Tumbawe ambalo mfupa wake ni upana wa ngumi linaweza kujaza nafasi mara mbili ya hiyo taa zikiwaka. Ukiweka vitu viwili vya namna hii sentimita kumi na tano kati yake, kwa macho ya siku ya kwanza huoni hatari yoyote. Zaidi ya hayo, minyiri ya kufagia haipo tangu mwanzo: tumbawe huiotesha na kuirefusha kwa muda wa siku nyingi au wiki kadhaa linapohisi kwamba kuna jirani karibu. Ndiyo sababu tangi linaweza kukaa salama kwa mwezi mzima, mfugaji akaamini kwamba matumbawe yake yamepatana, kumbe vita vilikuwa vinaandaliwa.

Jambo la pili ni mkondo. Minyiri hii haiogelei. Hupeperushwa na maji. Kama pampu yako inasukuma maji kutoka kushoto kwenda kulia wakati wote, basi Galaxea lililo kushoto lina mkono mrefu wa kufikia kulia, na Galaxea lililo mwisho kabisa upande wa kulia hutupa nyuzi zake ukutani ambako halimdhuru yeyote. Chunguza maji yako yanakwenda wapi kwa kudondosha chembe chache za chakula cha samaki na kuzitazama zinavyosafiri, halafu weka Galaxea mwisho wa safari hiyo. Kama una pampu mbili zinazopokezana pande mbili, basi usitegemee mwelekeo wa maji hata kidogo. Hesabu sentimita 30 kila upande.

Kwa tangi la sentimita 120 jambo hili linawezekana, na kwa sababu hiyo sitakuambia uachane na Galaxea. Ningelikuwa na tangi la sentimita 60 mbele yangu ningekuambia uchague moja, Galaxea au nyundo, na nisingeona haya kulisisitiza hilo. Wewe lipeleke Galaxea kwenye kona moja ya chini, juu ya jiwe lake lenyewe lililozungukwa na mchanga mtupu, mahali penye mwanga wa wastani na mkondo wa wastani. Nafasi tupu inayolizunguka usiione kuwa ni pengo linalongoja kujazwa. Najua jinsi inavyotamanisha kuweka kipande kipya pale kila unapopita dukani, lakini ukishaijaza nafasi ile utakuwa umerudi ulikoanzia. Koloni likikua na kuanza kula ile nafasi, lipunguze. Galaxea ni jepesi kupunguzwa, kwa kuwa vikombe vya polipu zake vimeunganishwa na tabaka la mfupa lenye vitundu na uvungu ambalo hukatika bila nguvu nyingi. Litoe nje ya tangi, vaa glavu na miwani, kata kati ya vikombe kwa koleo la kukatia, suuza vipande katika maji ya bahari uliyoyatenga pembeni, na ndipo ulirudishe. Usilikatie ndani ya tangi, maana ute linaloutoa likijeruhiwa unawachoma na wengine.

Kuhusu nyundo lenyewe, ambalo wataalamu siku hizi huliweka katika jenasi ya Fimbriaphyllia ingawa wauzaji wengi bado huliita Euphyllia, lihamishie upande wa pili wa tangi kwenye mwanga uleule liliokuwa nao au hafifu kidogo. Kosa la kawaida ni kulipandisha juu karibu na taa kwa nia ya kulipa nguvu. Tumbawe lenye jeraha likipewa mwanga mkali wa ghafla hupauka, na hapo huwa na matatizo mawili badala ya moja. Mkondo uwe wa kuyumbisha minyiri taratibu, wala usiipige ikajikunja. Kama nyundo lako ni la matawi na tawi moja limekwisha kufa, likate tawi hilo chini kwenye mfupa usio na nyama, kwa kuwa matawi mengine hujitegemea. Kama ni la ukuta mmoja uliojikunja, liache kama lilivyo. Ukiona ute wa kahawia, uvute kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano na uutupe nje ya tangi, usiupulize ukasambaa. Na tafadhali ukumbuke kwamba nyundo nalo si mnyonge: linaweza kukaa na nyundo lingine wakigusana bila madhara, lakini litawaunguza matumbawe mengine mengi, na lenyewe huunguzwa na ndugu yake wa karibu, Euphyllia glabrescens, lile lenye minyiri mirefu yenye ncha za mviringo ambalo hapo Uingereza huuzwa kwa bei kubwa. Usije ukashawishika kuwaweka pamoja kwa sababu wanafanana.

Polipu nyota za kijani hazichomi kwa kiasi cha kukutia hofu. Zenyewe hutandaa. Ngozi yao ya zambarau hupanda juu ya jiwe, juu ya kioo na juu ya mguu wa tumbawe lingine, na zikishalifunika jiwe kuu la tangi huwezi tena kuziondoa bila kulitoa jiwe lote. Ziweke kwenye jiwe la peke yake katikati ya mchanga, au zibandike kwa supagluu ya jeli kwenye kioo cha nyuma, ambako zitakutengenezea zulia la kijani la kupendeza, nawe utazikwangua pembezoni kila zinapozidi mipaka.

Uyoga wa Rhodactis unahitaji heshima zaidi ya hiyo. Huu hauna mfupa, na watu huuona kama pambo la upole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti nchini Tanzania waliwachunguza wanyama wa kundi hili kwenye miamba yetu na kukuta kwamba mahali pengine walikuwa wametwaa eneo kubwa la mwamba, hasa pale ambapo mwamba ulikuwa umevurugwa na maji yana virutubisho vingi. Katika Bahari ya Shamu, Rhodactis rhodostoma ameonekana akiyaua matumbawe ya mfupa kwa minyiri ya pembezoni ambayo hufura na kujaa sumu baada ya kugusana na jirani kwa muda. Tangi la nyumbani lenye samaki wanaolishwa vizuri lina virutubisho vingi kuliko mwamba wowote ulio safi, kwa hiyo hali inayompa Rhodactis ushindi baharini ndiyo hali ya kawaida sebuleni kwako. Huzaliana kwa kuacha vipande vya mguu wake nyuma anaposogea, na kila kipande hukua kikawa uyoga kamili. Kwa hiyo usijaribu kumkwangua juu ya jiwe ndani ya maji, utaongeza idadi. Akiwa angali peke yake au wawili, litoe jiwe lake zima na uliweke mbali. Mmoja mmoja akitokea mahali usipomtaka, zima pampu, mfunike kwa uji mzito wa chokaa safi ya kalsiamu kwa kiasi kidogo sana, subiri robo saa, kisha uvute mabaki. Usifanye hivyo kwa wengi siku moja, kwa sababu chokaa hupandisha pH ya maji yote.

Palythoa nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa hapo suala linahama kutoka afya ya matumbawe hadi afya ya watu wa nyumbani mwako. Baadhi ya Palythoa wana palitoksini, moja kati ya sumu kali kabisa zinazojulikana miongoni mwa zile zitengenezwazo na viumbe hai. Richard Moore na Paul Scheuer waliitenga mwaka 1971 kutokana na Palythoa wa kisiwa cha Maui, Hawaii. Haina dawa ya kuikata. Hospitalini hutibiwa dalili tu. Hatari kubwa hutokea mtu anapojaribu kuwaondoa kwa kumimina maji ya moto juu ya jiwe, kulichemsha jiwe, au kulisugua kwa brashi, kwa sababu mvuke na matone hubeba sumu hadi mapafuni na machoni. Hukohuko Uingereza, mwaka 2018, familia moja katika kaunti ya Oxfordshire ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha tangi lenye matumbawe ya namna hiyo, na baadhi ya waliofika kuwaokoa nao walilazimika kupelekwa kuchunguzwa. Kama nyumbani kuna watoto, ushauri wangu ni kwamba vipande hivyo viwili vitoke, na vitoke vikiwa vizima juu ya mawe yake: vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho, viinue vikiwa chini ya maji, vitie katika mfuko wenye maji, ufunge, na uwapelekee watu wa duka wanaofahamu wanachokipokea. Ukiamua kubaki navyo, usivikate kamwe, na usitie mkono tangini ukiwa na kidonda.

Kuna vita vingine ambavyo huwezi kuviona hata kwa tochi. Matumbawe laini, hasa Sarcophyton na Sinularia, humwaga majini kemikali zinazozuia wengine kukua. Sijaona katika orodha yako aina hizo, nawe usiziongeze. Hata hivyo tangi lenye wapiganaji wengi huhitaji mkaa maalumu wa kuchujia maji, ubadilishwe kila baada ya wiki mbili hadi nne, pamoja na kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Juma lile utakalohamisha mawe na kukata Galaxea, badilisha mkaa siku hiyohiyo.

Umesema vipimo ni vizuri bila kuvitaja, kwa hiyo linganisha na hivi: chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 25 hadi 26, ualkali digrii 8 hadi 9 za KH (kipimo cha kawaida cha ualkali wa maji ya tangi), kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350. Naitreti ya miligramu 5 hadi 10 na fosfeti ya karibu 0.05 zinawafaa hawa; wafugaji wanaokazana kuzifikisha sifuri huwatia matumbawe njaa.

Kuhusu kuleta kipande kutoka Tanga, nakuomba uiache fikra hiyo. Matumbawe yote ya mfupa yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi yanakotoka na, kwa Uingereza, kibali cha kuingiza pia. Bila hivyo kipande kinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, nawe unaweza kushtakiwa. Miamba ya Afrika Mashariki ilipauka vibaya na kupoteza matumbawe mengi mwaka 1998, na kila koloni lililobaki lina kazi ya kufanya pale lilipo. Galaxea uliyenaye anatosha. Ukimkata vizuri atakupa vipande vingi kadiri utakavyo, tena vilivyokwisha kuzoea maji yako.

Anza kwa kuhamisha Galaxea na nyundo siku moja, na mengine uyaache kwa majuma mawili. Rudia uchunguzi wa tochi usiku wa tatu na baada ya wiki moja, ukipima kwa rula juu ya kioo nyuzi zinafika wapi, kwa kuwa minyiri iliyokwisha kurefuka haipotei mara moja. Nyundo usililishe mpaka uone kwamba ukingo wa nyama umeacha kurudi nyuma na minyiri ya upande ulioumia imeanza tena kujaa maji mchana. Hapo mpe kipande kidogo cha kamba mbichi, si zaidi ya mara moja kwa wiki, na uzime pampu mpaka amalize kukimeza.